Mjadala: Intaneti ya Nyumbani Ikikwama, Tuongeze Kasi au Tusimamie Foleni?

HOJA ILIYO MEZANI: Nyumba ambayo intaneti yake inakwama haina dawa nyingine ila kununua kifurushi chenye kasi kubwa zaidi.

Hoja hii husemwa kila siku kwenye maduka ya watoa huduma na kwenye sebule za watu. Jioni ikifika intaneti inaanza kusuasua, picha inaganda katikati ya mazungumzo, na ushauri wa kwanza unaotolewa ni "panda kifurushi". Watu wanapanda kutoka megabiti 10 hadi 20, kutoka 20 hadi 40, na wengi wao wanarudi dukani na malalamiko yaleyale. Fedha hizo zinatoka kwenye bajeti ya ada, chakula na kodi. Kwa hiyo nimeona hoja hii ipewe uwanja, itetewe kwa nguvu zake zote, kisha ipingwe.

Wasemaji wa mjadala huu nimewabuni, nikawapa sauti za watu ambao jambo lenyewe linawagusa: Muuzaji wa huduma za intaneti, Fundi wa mitandao, Mwalimu anayefundisha kwa video, Kijana anayehariri video za harusi, na Mama mwenye nyumba. Tuwaweke Dar es Salaam, kwenye jengo la kaya nane zinazochangia laini moja inayopokelewa kwa antena juu ya paa. Laini yenyewe inashusha megabiti 20 kwa sekunde na kupandisha megabiti 4.

UPANDE WA HOJA

MSIMAMIZI: Karibuni nyote. Hoja ijibiwe kwa hoja. Muuzaji, wewe ndiye mtetezi, fungua.

MUUZAJI: Asante, msimamizi. Shikamoo, Mama. Wengine, habari zenu. Mimi nasimama na historia. Kabla ya 2009 pwani yetu hii ilitegemea setilaiti. Mwaka huo zikafika nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS, mwaka 2010 ikafuata EASSy, na kila mtu akaona tofauti. Hakuna aliyekuja kutupanga foleni. Njia ilipanuliwa, shida ikapungua. Sasa tuje kwenye jengo hili. Filamu moja yenye picha safi inahitaji kama megabiti 5 kwa sekunde. Kaya nane zikiangalia kwa wakati mmoja, hizo ni megabiti 40. Laini yenu ni ya 20. Hata mlete fundi gani, megabiti 40 hazipiti kwenye njia ya 20. Anayewaambia vinginevyo anawapa matumaini hewa.

MSIMAMIZI: Mwalimu, wewe ndiye mlalamikaji mkuu hapa jengoni. Hesabu hiyo inagusa shida yako?

MWALIMU: Haigusi, na ndiyo maana nimekuja. Nafundisha Kiswahili kwa video, wanafunzi wangu wengi wako Ujerumani. Somo langu halihitaji kasi kubwa; megabiti mbili zinanitosha. Nikipima laini mchana, naiona 20 kamili. Lakini kuna saa za jioni ambapo mwanafunzi anasikia swali langu baada ya sekunde mbili. Anajibu la kwanza wakati mimi nimeshauliza la pili. Tunagongana maneno, tunanyamaza wote, kisha tunaanza tena wote kwa pamoja. Somo la saa moja linazaa nusu saa ya kufundisha. Na jioni hizohizo jirani yangu wa chini ananiambia hakuna aliyekuwa akiangalia filamu.

KIJANA: Mwalimu, samahani, nadhani ni mimi. Nikimaliza kuhariri harusi napandisha faili kwa wateja, na faili moja ni gigabaiti mbili. Naanza saa moja usiku ili mteja aamke ameipata. Lakini na mimi nachangia sawa na wengine, na kazi hiyo ndiyo inayonilipia kodi. Nisipopandisha, silipwi.

MUUZAJI: Si mnaona? Kijana anaijaza njia ya kupandisha. Ongezeni njia, Mwalimu apate nafasi yake. Tumefika palepale.

UPANDE WA PINGAMIZI

MSIMAMIZI: Fundi, uwanja ni wako.

FUNDI: Asante. Kabla sijasema neno, naomba tutazame. Hii kompyuta yangu nimeiunganisha kwa waya kwenye ruta ya jengo. Amri niliyoandika inatuma pakiti ndogo, yaani kipande kidogo cha data, kila sekunde hadi kwenye seva iliyo hapahapa Dar es Salaam na kupima inarudi baada ya muda gani. Laini sasa imetulia. Someni: milisekunde 10, 11, 9, 10. Kijana, anza kupandisha faili lako.

KIJANA: Limeanza.

FUNDI: Endeleeni kusoma. 12. 240. 870. 1,650. 2,020. 1,990. 2,010. Imekaa hapo, haipandi wala haishuki. Hakuna pakiti ya kipimo iliyopotea na hakuna laini iliyokatika, ila kila kitu kinachotoka jengoni sasa kinachelewa sekunde mbili. Kijana, simamisha. Mnaona: inashuka, inarudi 10. Hizo sekunde mbili ndizo zinazomkatiza Mwalimu darasani.

MAMA: Zinakwenda wapi hizo sekunde mbili?

FUNDI: Hazitoki nje ya jengo, Mama. Ziko kwenye kile kisanduku kilichounganishwa na antena. Ndani yake kuna bafa, sehemu ya kumbukumbu ambamo pakiti husubiri zamu ya kutoka. Wi-Fi inaleta pakiti haraka kuliko antena inavyoweza kuzitoa, kwa hiyo zinasubiri. Bafa ya kisanduku hiki ina ukubwa wa kama megabaiti 1, yaani megabiti 8. Njia ya kutokea inapitisha megabiti 4 kwa sekunde. Gawanya 8 kwa 4, unapata 2. Pakiti ya sauti ya Mwalimu ikifika, inakuta bafa imejaa faili la harusi, inakaa mkiani na kusubiri sekunde mbili.

MAMA: Basi anayeongeza bafa ni sawa na anayepanua uwanja wa magari ya kusubiri pantoni pale Kigamboni. Magari mengi zaidi yataingia uwanjani, lakini pantoni ni ileile na anayevuka na kikapu bado yuko nyuma ya malori.

FUNDI: Ndivyo ilivyo, Mama. Na jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1985 John Nagle alishaandika kwamba hata mtambo wenye kumbukumbu isiyo na mwisho hauponi msongamano. Pamoja na hayo kumbukumbu iliendelea kuwa rahisi, na watengenezaji wakaendelea kuijaza kwenye ruta na modemu wakidhani wanamlinda mteja asipoteze pakiti. Mwaka 2010 Jim Gettys, mmoja wa waasisi wa mfumo wa madirisha ya kompyuta uitwao X, aliona intaneti ya nyumbani kwake Marekani inalemaa kila alipotuma mafaili makubwa. Alipofuatilia akakuta ucheleweshaji wa zaidi ya sekunde moja unaotokana na bafa kubwa mno, na ndiye aliyelitangaza tatizo hili kwa umma.

MUUZAJI: Nakupinga kwa hesabu yako mwenyewe. Umesema 8 gawanya kwa 4. Nikiwauzia laini ya kupandisha megabiti 40, ni 8 gawanya kwa 40, sekunde 0.2. Kasi imeondoa sehemu tisa kati ya kumi za ucheleweshaji, bila fundi.

FUNDI: Hesabu ni sahihi, siikatai. Lakini tazama mambo matatu. Kwanza, hizo milisekunde 200 bado ni nyingi. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, unapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, safari nzima. Wewe umeshazimaliza kabla sauti haijatoka jengoni. Pili, vifaa vinavyotengenezwa kwa laini za kasi kubwa mara nyingi huja na bafa kubwa zaidi, kwa hiyo mgawanyo wako haubaki ulivyo. Tatu, na hili ndilo kubwa: kompyuta inayotuma faili haijui kuridhika.

MSIMAMIZI: Lieleze hilo la tatu polepole. Hapo ndipo penye kiini.

FUNDI: Mafaili mengi husafiri kwa kanuni inayoitwa TCP. Kompyuta inayotuma haijui njia ina upana gani. Kwa hiyo inaongeza mwendo kidogo kidogo. Pakiti ikipotea, inaelewa kwamba njia imejaa na inapunguza mwendo, kisha inaanza kupanda tena. Utaratibu huo ndio uliookoa intaneti. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, sehemu zisizoachana hata mita 400, mwendo uliporomoka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson akachunguza, na mwaka 1988 akachapisha namna ya kuzifanya kompyuta zinazotuma zipunguze mwendo pale pakiti zinapopotea. Sasa fikirini: kupotea kwa pakiti ndiyo habari kuu ambayo mtumaji anaisubiri. Bafa kubwa inaificha habari hiyo. Inapokea, inapokea, hadi ijae pomoni. Mtumaji anaona mambo shwari, anaongeza. Ndiyo maana ukimpa megabiti 40, atazijaza 40. Ukimpa 100, atazijaza 100. Faili litamalizika mapema, hilo kweli, lakini kwa muda wote linapokwenda, wengine wote wako mkiani.

MASWALI YA HAKI

KIJANA: Kaka, hapa naanza kuogopa. Unasema mtumaji hajui kuridhika, na mtumaji ni mimi. Dawa yako ni kunibana?

MAMA: Na mimi nina swali linalofanana na hilo. Nikiweka utaratibu, nani atasema nani atangulie? Wapangaji wangu watakuja mlangoni: huyu mwalimu, huyu daktari, huyu ana mtoto wa mtihani. Sitaki kuwa hakimu wa intaneti.

FUNDI: Hamna haja ya hakimu, Mama, na Kijana hatabanwa. Dawa ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuizuia foleni isirefuke. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa kanuni ya CoDel. Yenyewe haihesabu pakiti zilizo kwenye foleni, inapima kila pakiti imesubiri muda gani. Foleni ya ghafla inayokuja na kuondoka inavumiliwa. Lakini ikiwa katika milisekunde 100 nzima hakuna hata pakiti moja iliyosubiri chini ya milisekunde 5, CoDel inadondosha pakiti moja kwa makusudi. Foleni isipopungua, inadondosha nyingine, kila mara kwa kasi zaidi. Mtumaji anapata habari aliyokuwa akinyimwa, anapunguza mwendo mapema, na faili linaendelea kwenda kwa karibu kasi yote ya laini.

MWALIMU: Kwa hiyo kupotea kwa pakiti moja si hasara?

FUNDI: Ni ujumbe, Mwalimu. Pakiti ile inatumwa upya, faili linafika kamili. Na pale kompyuta zote mbili zinapokubaliana, ruta inaweza kuiwekea pakiti alama badala ya kuidondosha. Utaratibu huo uko kwenye viwango vya intaneti tangu 2001. Sehemu ya pili ya dawa ndiyo inayojibu swali la Mama. Mwaka huohuo wa 2012 Eric Dumazet aliingiza FQ-CoDel kwenye mfumo endeshi wa Linux. Badala ya foleni moja kwa wote, kila mazungumzo yanapata foleni yake, na ruta inazihudumia kwa zamu. Foleni yenye pakiti chache, kama simu ya sauti au ombi la kufungua ukurasa, inapita mara moja kwa sababu haijarundika kitu. Faili kubwa linachukua nafasi yote inayobaki. Hakuna aliyeandikwa jina, hakuna aliyepewa cheo. Kila mmoja anahesabiwa kwa kile anachokitia njiani wakati huo.

KIJANA: Lakini kuna ujanja, kaka. Programu nyingine zinafungua miunganisho ishirini kwa faili moja. Si zitapata zamu ishirini?

FUNDI: Swali zuri, na waliotengeneza dawa hii waliliuliza kabla yako. Ndiyo sababu ya CAKE, iliyoingia Linux mwaka 2018, kazi ya Jonathan Morton, Dave Täht, Toke Høiland-Jørgensen na wenzao. CAKE ikiwekwa sawasawa inagawa kwanza kwa kila kifaa ndani ya nyumba, kisha ndani ya kifaa inagawa kwa mazungumzo. Kompyuta yenye miunganisho ishirini na simu yenye muunganisho mmoja zinapata haki sawa.

MAMA: Hapo nimekuelewa. Kila kaya ingekuwa na ruta yake ndogo, ningegawa kwa kaya.

FUNDI: Na kwa jengo kama hili ndivyo ninavyoshauri.

MUUZAJI ANAJIBU

MSIMAMIZI: Muuzaji, umesikiliza kwa utulivu. Jibu.

MUUZAJI: Nina mapigo manne. La kwanza: mambo haya yalishajaribiwa. Mwaka 1993 Sally Floyd na huyohuyo Van Jacobson walitoa kanuni ya RED. Waendeshaji wengi wa mitandao waliiacha imezimwa kwa sababu vipimo vyake vilikuwa vigumu kurekebisha. La pili: usimamizi wa foleni unakula nguvu ya prosesa. Ruta za bei ya chini mnazonunua Kariakoo zikibebeshwa kazi hiyo kwenye laini ya kasi kubwa, zinachoka na kasi inashuka. La tatu: laini nyingi za nyumbani hapa Afrika Mashariki ni za 4G na 5G. Kasi yake inabadilika kila dakika. Utaiambia ruta iwe na kasi gani? La nne: sisi tuko mbali. Wanafunzi wa Mwalimu wako Ujerumani. Kuchelewa kwake kunatokana na bahari.

FUNDI: La kwanza nalikubali, na ndilo lililosababisha CoDel itengenezwe bila vipimo vya mteja kuhangaika navyo. Zile 5 na 100 nilizozitaja zinafaa kwa laini nyingi za nyumbani kama zilivyo. Mwaka 2018 CoDel na FQ-CoDel zilichapishwa na IETF, chombo kinachoandika kanuni za intaneti. La pili ni kweli: anayenunua laini ya megabiti mia kadhaa lazima anunue na ruta yenye prosesa ya kuibeba. Lakini laini ya 20 kwa 4 kama hii inabebwa hata na ruta ya kawaida. La tatu ndilo pigo lako la nguvu. Kwenye 4G kasi iliyowekwa mara moja ama itapoteza nafasi ama itaacha foleni ijirundike kwenye modemu. Zipo programu zinazopima ucheleweshaji muda wote na kupandisha au kushusha kasi ya CAKE kufuatana na hali ya hewani. Zinasaidia, ila hazilingani na laini iliyotulia. Mwenye 4G namwambia ukweli huo mapema.

MSIMAMIZI: Na la bahari?

FUNDI: La bahari nalijibu kwa fizikia. Mwanga ndani ya waya wa faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ya waya yenye kilomita 10,000 inachukua milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi. Jumla 100. Umbali huo hakuna atakayeufupisha, na Mwalimu anaweza kuishi nao. Sekunde mbili alizozikuta hapa jengoni ni mara 20 ya safari hiyo. Mtu wa Frankfurt anayezungumza na mwenzake wa Berlin anaweza kumudu uzembe kidogo wa foleni kwa sababu safari yake ni fupi. Sisi tulio mbali na seva nyingi tunazotumia hatuna akiba hiyo. Umbali wetu ndio sababu ya sisi kuwa wakali zaidi juu ya foleni.

MWALIMU: Na mwaka 2024, mwezi wa tano, EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja, sote tuliona inavyokuwa.

FUNDI: Tuliona. Siku kama ile msongamano uko kwa mtoa huduma na baharini, ruta ya nyumbani haiwezi kuuondoa. Sidai kwamba foleni ya nyumbani ndiyo chanzo cha kila ugonjwa. Hata Wi-Fi yenyewe ina foleni zake: simu moja iliyo mbali na ruta inaweza kula muda wa hewani wa wote. Kazi ya kurekebisha hilo ndani ya Linux ilichapishwa 2017, na inafanya kazi kwenye baadhi ya chipu tu. Ninachodai ni kwamba anayepanda kifurushi bila kupima ananunua dawa kabla ya vipimo.

VITENDO

MAMA: Basi tupime na tutibu. Nifanye nini, kwa mpangilio?

FUNDI: Kwanza, pima ucheleweshaji laini ikiwa imetulia, kisha upime laini ikiwa imejaa. Tovuti ya Waveform ina kipimo cha bure kinachotoa alama kuanzia A+ hadi F, na kompyuta za Apple zina kipimo cha aina hiyo ndani yake tangu 2021. Pili, tazama kama ruta yako ina usimamizi wa foleni. Katika OpenWrt, programu huria ya ruta, unaongeza programu ndogo inayoitwa SQM na kuchagua CAKE. Tatu, weka kasi iliyo chini kidogo ya kasi halisi, tuseme asilimia 90. Hapa pana siri yake: ukiweka chini kidogo, foleni inajipanga kwenye ruta yako inayojua kuisimamia. Ukiweka sawa au juu, foleni inahamia kwenye kisanduku cha antena ambacho huna mamlaka nacho. Fanya hivyo kwa kupandisha na kwa kushusha, kisha pima tena.

KIJANA: Asilimia 10 hiyo inatoka mfukoni mwangu. Nipigie hesabu.

FUNDI: Gigabaiti mbili ni megabiti 16,000. Kwa megabiti 4 kwa sekunde ni dakika 67. Kwa megabiti 3.6 ni dakika 74. Umepoteza dakika saba.

KIJANA: Dakika saba nazitoa. Mteja ataliona faili asubuhi.

FUNDI: Basi nimeshaweka CAKE kwenye ruta hii ya jaribio. Kijana, pandisha faili lilelile. Someni: 10, 14, 13, 16, 12, 15. Faili linakwenda, na Mwalimu angeweza kuanza somo sasa hivi.

MWALIMU: Na mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta chumba kwingine.

MAJUMUISHO

MSIMAMIZI: Muuzaji, neno la mwisho upande wa hoja.

MUUZAJI: Nimeona kwa macho yangu, siwezi kukana. Lakini msinielewe vibaya. Kaya nane zikitaka filamu nane kwa wakati mmoja, mtarudi kwangu, na mtakuwa sahihi kurudi. CAKE haizalishi megabiti. Inachogawa ni kile kilichopo. Niseme pia kwa niaba ya watu wa biashara yangu: mteja anauliza kasi, basi tunamwonyesha kasi. Siku wateja wakianza kuuliza ucheleweshaji, tutalazimika kuuonyesha.

FUNDI: Nakubali kila neno. Naongeza moja: mtoa huduma naye anaweza kuisimamia foleni upande wake. Ipo programu huria ya LibreQoS inayotumia CAKE kwa wateja wote wa mtoa huduma mdogo kwa pamoja. Mtoa huduma akifanya hivyo, Mama hana haja ya kuniita mimi.

UAMUZI WA MSIMAMIZI

Hoja kama ilivyoandikwa imeanguka. Imeangushwa na neno moja tu ndani yake: "haina". Laini iliyojaa kwa sababu mahitaji ya halali yamezidi uwezo wake inahitaji kasi zaidi, na katika hilo Muuzaji ana haki. Lakini laini inayompitishia Mwalimu vizuri mchana na kumkatiza jioni kwa sababu ya faili moja, hiyo inahitaji msimamizi wa foleni, na msimamizi huyo yupo, ni wa bure, amejaribiwa tangu 2012 na kanuni zake zilichapishwa na IETF mwaka 2018.

Lililobaki ni la haki ya mlaji. Mabango mengi ya vifurushi yanatangaza megabiti. Nayaomba makampuni ya intaneti yaandike pia ucheleweshaji laini ikiwa imejaa, na yagawe ruta ambazo usimamizi wa foleni umewashwa tangu kiwandani, kwa sababu wateja wengi hawataugusa ukurasa wa mipangilio maishani mwao. Nazisihi mamlaka za mawasiliano za Tanzania na Kenya zidai takwimu hiyo na kuichapisha kwa umma, kampuni kwa kampuni. Nawe msomaji, kabla hujalipia kifurushi cha juu zaidi, pima laini yako ikiwa imetulia, kisha uipime mtu akiwa anapandisha faili kubwa. Tofauti ikiwa ni mamia ya milisekunde, usilipe kwanza. Ita fundi anayejua foleni, au ujifunze kuisimamia mwenyewe.